Muundi wa Kondoo kwa Mtu Mmoja

Maneno yameshazunguka kwaya nzima kwamba Nyangeta aliaga Jumatano anakwenda kutafuta nyama, akarudi Alhamisi na mwanaume. Ni kweli. Lakini kwa jinsi mlivyokuwa mnakonyezana Jumapili kwenye benchi la sauti ya pili, naona bora nieleze mwenyewe, mara moja, tangu mwanzo. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hii asome.

Mnajua baba tangu apasuliwe tumbo yuko kwangu hapa Buhare. Kidonda kimepona vizuri, kilichobaki ni kula, na hapo ndipo kulikuwa na shida. Uji vijiko viwili, anageukia ukutani. Sato wa kuchemsha, anamtazama kama anamfahamu zamani, halafu anageukia ukutani. Wiki tatu. Muuguzi anayepitaga kumwangalia aliniita nje akasema, dada, mzee asipokula hatasimama tena. Alisema polepole, na mimi nikamwelewa haraka. Niliogopa sana. Mama tulishamzika, na mimi sina mwingine wa kumwita mzazi.

Basi Jumatatu asubuhi nimeweka uji mezani, baba akasema, "Nataka kondoo."

Nikadhani sijasikia. Akanyoosha mguu nje ya shuka, akagusa mfupa ugokoni. "Muundi. Hapa. Si mbuzi. Upikwe mpaka nyama iachie mfupa."

Nilifurahi mpaka nikamwaga uji. Mtu wa wiki tatu bila chakula akitaja nyama, unauliza kwa nini? Huulizi. Unatafuta viatu.

Musoma mjini

Kwa ujinga wangu nilidhani kazi itaisha kabla ya saa sita. Mji mzima huu, hoteli zote hizi, utakosaje mguu wa kondoo? Ya kwanza walikuwa na sato, sangara na kuku. Ya pili walikuwa na kuku, sangara na sato. Ya tatu mhudumu aliniambia kondoo yupo, akaingia ndani, akatoka na kusema kondoo hayupo ila yupo sangara. Nikamuuliza, sasa kwa nini uliniambia yupo? Akasema, "Sikutaka kukuvunja moyo mlangoni."

Ya nne ni ile ya wageni, kando ya ziwa, yenye menyu ya kurasa nane. Ukurasa wa tano kulikuwa na picha ya muundi wa kondoo, umesimama kwenye sahani na jani juu yake. Nikaagiza wa kufungiwa. Nikakaa saa nzima na nusu natazama mahindi yangu ya kuchoma yakipoa, maana nilikuwa nimeyanunua njiani na nikaona aibu kuyala pale. Walipoleta nikakimbia nao nyumbani.

Baba alikaa kitandani mwenyewe. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema. Akanusa. Akakata kipande kidogo, akakiweka ulimini, akakitoa.

"Hii mbuzi," akasema.

"Baba, kwenye menyu wameandika kondoo."

"Mbuzi hajui kusoma." Akasukuma sahani. Halafu akasema kitu ambacho sikukielewa kabisa: "Na hata angekuwa kondoo, nile na nani?"

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikanawa, nikasema, basi baba tule wote. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. Akageukia ukutani. Ule mguu wa mbuzi niliumaliza mwenyewe jikoni, na ulikuwa mtamu, na nikauchukia.

Bunda

Fundi mwenzangu pale sokoni, tunashonaga naye veranda moja, ndiye aliyesema twende na akili: kondoo utampata kwa wafugaji, na wafugaji wako Bunda. Jumatano nikamwachia Mama Neema, jirani yangu, funguo na baba, nikachukua hotipoti kubwa, nikaondoka.

Gari liliondoka kwa wakati, nikashukuru mapema mno. Pale Kiabakari likapata pancha, na tairi la akiba nalo lilikuwa na pancha. Dereva alikuwa anajua tangu juzi. Alilieleza jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayetangaza harusi. Tukakaa kando ya barabara kwa saa tatu. Mama mmoja akafungua kikapu, akatugawia viazi vitamu vya kuchemsha abiria wote, akauliza kila mtu anakwenda wapi na kwa nini. Wengine msiba, wengine mnada, wengine mahakamani. Zamu yangu ilipofika nikasema natafuta muundi wa kondoo wa baba yangu.

Akaacha kumenya. "Pole sana, mwanangu."

Nikasema asante. Nilidhani ananipa pole ya ugonjwa, halafu nikakumbuka sikuwa nimetaja ugonjwa.

Bunda nilifika jua limeshaanza kulala. Nikaulizia, nikaelekezwa Kabasa, kwenye banda moja la nyama choma ambalo kila mtu alilisifia. Mchoma nyama ni mtu mzima, kitambi cha heshima, anaitwa Mashauri. Nikamwamkia, nikamwambia shida yangu. Akasema, "Kondoo tunachinja kesho alfajiri. Njoo."

Nililala gesti nikiwa na amani. Nikapiga simu nyumbani, Mama Neema akasema mzee amekunywa maji na kuuliza niko wapi. Alipoambiwa Bunda, alisema, "Bunda?" tu. Sauti ya mtu aliyetegemea jina lingine.

Alfajiri nikawa wa kwanza bandani. Na kweli kondoo alikuwepo, amening'inizwa, miguu yote minne, nikaiona kwa macho yangu. Nikasema, kaka, nipikie muundi mmoja, wa kufungiwa, kwa mtu mmoja.

Mashauri akafuta mikono kwenye aproni. "Mtu mmoja?"

"Mmoja. Mzee wangu."

"Mna kesi?"

"Kesi gani? Hatuna kesi na mtu."

"Kama hamna kesi, muundi wa nini? Chukua mbavu, dada. Mbavu haina maneno."

Nikamwambia mzee ametaka muundi, si mbavu. Akauliza mzee ni mtu wa wapi. Nikasema kwao Butiama, lakini mimi nimezaliwa Musoma na mama yangu ni Mjita wa Bukima. Hapo akatikisa kichwa polepole na kumgeukia mwenzake aliyekuwa anachochea mkaa. Wakaongea kilugha kidogo. Mwenzake akanitazama, naye akasema, "Pole."

Mtu wa pili sasa. Nikauliza, jamani pole ya nini? Wakacheka bila ubaya. Mashauri akaniambia yeye wa kumhukumu mzee wa watu ni nani, ila kwa mtu wa kule mguu ule hauuzwi hivi hivi, na yeye hataki lawama. Niende Butiama, sokoni, kwa Mama Wegesa, nimwambie nilivyomwambia yeye. Akanikatia mbavu za kondoo, akachoma, akaniwekea na ndizi na pilipili, nikala nimenuna. Zilikuwa nzuri. Kwa hiyo kama swali lenu ni wapi kuna kondoo mzuri wa kuchoma, jibu ni Kabasa, na mnaweza kuacha kusoma hapa.

Kwenda Butiama

Nikapanda gari la kurudi nyuma mpaka Makutano, na pale nikachukua pikipiki. Nilikuwa na hasira. Hotipoti tupu mgongoni ni kitu cha aibu, inagonga kila penye shimo, na yule dereva wa pikipiki alikuwa mtu wa maswali. Nikamwambia naenda kuchukua chakula. Akasema, umetoka Musoma na hotipoti, umepita Bunda na hotipoti, unaenda Butiama na hotipoti, na bado iko tupu? Nikamwambia atazame barabara.

Butiama nimefika mara mbili maishani. Mara ya pili nilikuwa darasa la nne, tulipokwenda msiba wa bibi, mama yake baba, ambaye mimi nimerithi jina lake. Nakumbuka tulifika watu wanatoka makaburini. Nakumbuka baba na mdogo wake, baba mdogo Wambura, wamesimama mbali mbali, na tukaondoka siku ile ile bila kula. Basi. Nyumbani jina la baba mdogo halikutajwa tena, na sisi watoto tukajua halitajwi, kama mnavyojua kiti gani nyumbani kwenu hakikaliwi.

Mnaniona mjinga kwamba hapo sikuunganisha. Sikuunganisha. Mimi nilikuwa natafuta nyama.

Kwa Mama Wegesa

Ni hoteli ya meza tatu, safi, sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Mama Wegesa ni mwembamba na haongei haraka. Sufuria moja kubwa ilikuwa jikoni, na harufu yake nilijua tu, hii ndiyo. Akafunua: miundi miwili, maji, chumvi, hakuna kingine. Nyama imeshaanza kujikunja na kupanda mfupa. Karibu nilie.

"Nataka mmoja, mama. Wa kufungiwa."

"Wanakula kina nani?"

"Baba yangu. Anaumwa."

"Na nani mwingine?"

"Yeye peke yake."

Akarudisha mfuniko. "Kamlete huyo mwingine kwanza."

Hapo, ndugu zangu, niliishiwa. Nilimwambia mama, nimetoka Musoma jana, nimekaa saa tatu kwenye pancha, nimelala gesti, nimepewa pole na watu nisiowajua, baba yangu wiki tatu hajala, anaweza kufa akiwa ameelekea ukuta, na nyama iko hapo naiona, wewe unaniambia nilete mtu. Mtu gani? Kwani muundi unabebwa na wawili kama jeneza?

Aliniacha mpaka nikamaliza. Akanimiminia chai, akaniwekea chapati, akakaa.

"Baba yako hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Sisi hapa kondoo ni wa kupatanisha. Watu wakikosana, ndugu na ndugu, anachinjwa kondoo. Nyama nyingine wanakulaga wote, hata jirani. Ila muundi ni wa wale wawili. Wanakula pamoja, wanavunja mfupa pamoja, wanagawana uboho. Imeisha. Mtu hawezi kuula peke yake. Atapatana na nani, na sahani?"

Nikaweka kikombe chini.

"Anaitwa nani baba yako?" akauliza, ingawa sasa hivi nadhani alishajua, kwa pua yangu.

"Magesa."

"Kaka yake Wambura, fundi milango." Akasimama, akaongeza maji kwenye sufuria. "Huu mmoja nakuwekea. Nyumba ya tatu baada ya kanisa. Utasikia randa."

Nyumba ya tatu

Nilisikia randa kabla sijaona nyumba. Mzee alikuwa amepinda juu ya mlango wa mninga, maranda ya mbao yamemfikia vifundoni. Alikuwa baba mtupu, baba aliyenenepa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Nyangeta. Wa Magesa."

Randa haikusimama. Ilikwenda mpaka mwisho wa mlango ikarudi. "Magesa amekufa?"

"Hapana, baba. Anaumwa. Hali chakula."

Randa ikaendelea. Nilikuwa sijaandaa maneno, nilikuwa nimeandaa hotipoti. Nikasema tu lile nililokuwa nalisema tangu Jumatatu, mpaka lilikuwa limeshapoteza ladha: "Anataka muundi wa kondoo."

Hapo ikasimama. "Kasema muundi?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake? Hakuulizwa?"

"Hakuulizwa. Alinionyesha kwenye mguu wake."

"Wa mbele au wa nyuma?"

"Hakusema."

"Huyo anasemaga nusu siku zote," akasema kwa hasira, akaiweka randa chini, akaingia ndani na kufunga mlango.

Nikabaki uani. Nikajua nimefukuzwa. Nikakaa kwenye gogo nikaanza kupanga nitamwambia baba nini, nikaona hakuna namna ya kupanga. Kuku wakaizunguka hotipoti. Nilitaka kuondoka, nikakosa pa kwenda. Baada ya muda mrefu baba mdogo akatoka. Ameoga, amevaa koti, kofia iko mkononi.

"Umekaa nini?" akaniuliza. "Twende."

Kumbe alikuwa anaoga.

Kurudi Buhare

Kwa Mama Wegesa tulichelewa tena. Baba mdogo alifunua sufuria, akabonyeza nyama kwa kidole, akaniuliza, "Meno anayo?"

"Machache."

"Basi haijaiva."

Tukakaa saa mbili nyingine ikichemka, yeye mlangoni, mimi jikoni nasonga ugali wa kuondoka nao. Mama Wegesa alipotufungia, akachagua muundi wa nyuma, bila kuulizwa, na baba mdogo akaitikia kwa kichwa.

Njia nzima hotipoti aliishika yeye. Nilijaribu kumpokea, akakataa. Nikajaribu mazungumzo. Nikamuuliza ilikuwaje, yeye na baba, ilianza na nini? Akasema lami hii wameitengeneza vizuri. Nikauliza, ni ule msiba wa bibi? Akasema ila mifereji ni midogo. Nikaacha.

Tulifika jua linazama. Mama Neema alikuwa mlangoni, akaona mzee amevaa koti, akanitazama mimi, akatazama hotipoti, na nadhani hapo ndipo maneno ya kwaya yalipoanzia.

Baba alikuwa ameelekea ukuta. Baba mdogo hakubisha hodi. Alisimama katikati ya chumba akasema kitu kwa Kizanaki, kifupi. Baba hakugeuka. Halafu, bado kaelekea ukuta, baba akajibu. Nako kulikuwa kufupi. Baba mdogo akaendelea. Baba akageuka.

Waliongea labda nusu saa, na mimi nyumbani kwangu mwenyewe, kwenye kiti changu, sikuelewa hata sentensi moja. Lugha ile baba hakutufundisha. Sasa najua alikuwa hana wa kuongea naye. Nilishika jina la bibi, mara tatu. Mara ya tatu sauti ya baba ilikatika, na baba mdogo akatazama kofia yake muda mrefu. Hicho ndicho nilichopata. Msiniulize walikosana nini, hamtakijua kwangu, na mimi nimeamua kutokukitafuta.

Kisha baba mdogo akasema kwa Kiswahili, "Nyangeta, maji ya kunawa."

Wakala. Nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe. Baba mdogo alikuwa anachambua vipande laini na kuvisukuma upande wa baba bila kumtazama, na baba alikuwa anavila bila kumtazama. Mfupa ulipobaki mtupu, wakataka jiwe. Nikaleta lile la kuzuia mlango. Baba akapiga, jiwe likagonga pembeni, mara mbili. Baba mdogo akaweka mkono wake juu ya mkono wa kaka yake, wakapiga, mfupa ukapasuka, wakagawana uboho kwenye tonge la mwisho.

Niliondoa vyombo. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hasira, vyote pamoja, na hasira ndiyo iliyotangulia mdomoni. "Baba, nimezunguka Musoma, Bunda na Butiama. Kwa nini hukuniambia tu unamtaka ndugu yako?"

Akanishangaa. "Nilikuambia."

"Uliniambia muundi wa kondoo."

"Ndiyo. Nilikuambia."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, upande wa kaka yake, kama mtu anayethibitisha ushahidi. Nikaona niende jikoni kabla sijavunja sahani. Nilikuwa nimefika mlangoni baba akaniita.

"Nyangeta."

"Abee."

"Kesho tunakula nini?"

Nilisimama pale na vyombo mikononi, siwezi kugeuka, maana nilikuwa ninalia. Nikasema kuna sato.

"Sato sawa," akasema baba. "Weka wawili."